Kiangazi Nilipofungwa Mdomo

Jumanne, 14 Mei 1957

Mimi ni Verda Maggard, mwimbaji, na tangu leo asubuhi sina ruhusa ya kusema hata "Amina."

Daktari wa koo kule Lexington amenikata vijinundu kwenye nyuzi za sauti. Anasema miaka ya kuimba na kuongea na kugombana ndiyo iliyoviotesha. Nisiongee, nisinong'one, nisiimbe, nisiwaite hata kuku, mpaka anipime tena mwishoni mwa Agosti. Nikikaidi, pale panapopona patachanika, na sauti ikiondoka haitarudi. Alisema haya yote akimtazama mume wangu, kana kwamba mtu asiye na sauti hana masikio pia.

Hobert aliniendesha mpaka nyumbani bila neno, lakini hilo si la ajabu, Hobert ni mtu wa maneno machache. Tulisimama njiani akaninunulia daftari hili na kibao cha watoto wa shule na chaki. Basi mdomo wangu sasa ni huu.

Jumatano, 15 Mei

Niandike mambo kwa mpangilio, maana nikikaa bure nitapasuka.

Mimi na mdogo wangu Oma ndio "Dada wa Fugate." Tulizaliwa kwenye kambi ya makaa ya mawe, na tulianza kuimba kwenye mazishi, kwa sababu kambini mazishi hayakukosekana. Nilishika sauti ya kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na mwenye kelele, Oma akashika ya pili, ile ya chini. Baadaye tukaitwa redioni Knoxville. Jumamosi tunaimba kwenye viwanja vya maonyesho, nyimbo za walioachwa na wapenzi wao. Jumapili tunaimba makanisani, nyimbo za waliookolewa. Watu kwenye viti ni walewale, ila Jumapili wameoga.

Wimbo wetu uliovuma zaidi ni "Kikombe Chako Kimebaki Dirishani." Juu kabisa kwenye kiitikio kuna mahali napanda na kukaa pale mpaka watu wanaacha kutafuna. Hapo ndipo vijinundu vilipoota, nadhani.

Jumapili, 19 Mei

Kanisani nilikaa midomo imebanwa kama mfuko ulioshonwa. Mama Cleo, mama mkwe wangu, alinipiga kiwiko katikati ya wimbo akiniambia niimbe, bwana, watu wanatazama. Nilimwandikia kwenye kibao: DAKTARI. Akakitazama, akasema, "Picha nzuri." Mama Cleo hataki kuvaa miwani. Anasema miwani inazeesha.

Tunaishi naye nyumba moja, na kuanzia leo naona yeye ndiye atakayejibu kwa niaba yangu.

Jumanne, 28 Mei

Tumeanza kupandikiza miche ya tumbaku. Mgongo unaniuma.

Alhamisi, 30 Mei

Leo kumetokea jambo. Mume wangu ameongea.

Tulikuwa tunapandikiza shamba la chini karibu na kijito, yeye akitoboa mashimo na mimi nikitia miche. Akaanza kwa kusema kwamba Kate, nyumbu wetu wa kukokota gari, anamwogopa mbuzi wa Orbie Sizemore, jirani yetu, na kwamba ana ushahidi. Akaueleza ushahidi huo mstari mzima wa shamba. Kisha akaingia kwa Orbie mwenyewe, jinsi alivyojaribu kunyoa nywele zake kwa kutumia kioo cha gari huku gari likiwa linatembea. Nilicheka bila sauti mpaka nikakaa chini kwenye matope.

Mchana nilimwandikia: HAYA YOTE ULIKUWA UMEYAWEKA WAPI?

Akafikiri kidogo. "Sikuwa nimepata nafasi," akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekueleza kwa nini hakupita dukani.

Jumamosi, 1 Juni

Hobert ameongea tena. Leo ni habari za mjomba wake aliyeuza jeneza lake mwenyewe mara mbili.

Jumatano, 12 Juni

Wamekuja wanawake wa kanisani kunijulia hali. Niliwakaribisha ukumbini na maji ya limau na keki ya tabaka, nikakaa na kibao changu magotini kama mtoto wa darasa la kwanza. Basi Mama Cleo akawasimulia maisha yangu.

Kwa mujibu wake, yeye ndiye aliyenifundisha kuimba. (Tulikutana nikiwa na miaka ishirini na minne, tayari nina rekodi.) Akasema gavana alilia nilipomwimbia. Gavana yule alikuwa na mafua yanayoletwa na vumbi la majani makavu, maonyesho yalikuwa kwenye banda la ng'ombe, na alipiga chafya tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema pia kwamba nilikataa kwenda New York kwa ajili ya kumtunza yeye. Hakuna aliyewahi kuniita New York.

Nilikuwa naandika kwa haraka hadi chaki ikavunjika: SI KWELI. Wale wanawake wakasoma, wakatabasamu, wakamgeukia Mama Cleo aendelee. Na nikiwa mkweli, mwanamke yule wa kwenye hadithi yake ni bora kuliko mimi. Mpole, mtiifu kwa wazee. Ningependa kukutana naye.

Jumamosi, 22 Juni

Oma amekuja kutoka Knoxville na gari letu, besi, ile zeze kubwa ya kupigwa imesimama, imefungwa juu ya paa kama ng'ombe aliyekufa. Alikuwa na habari na alizunguka nazo kwanza, akala, akawasifu kuku, akaulizia mvua. Kisha akasema.

Bwana Pruitt, mkubwa wetu pale redioni, amempata msichana kutoka Ohio anayeweza kupanda juu kama mimi. Anataka asimame mahali pangu mpaka nipone. Atavaa gauni langu la maua, kwa kuwa tayari lipo na picha zilishapigwa.

Nikaandika HAPANA, herufi kubwa, kibao kizima.

"Dada, sijakuuliza," Oma akasema.

Huyu ni Oma, ambaye hotelini husubiri niagize kwanza ndipo aseme "na mimi vilevile." Akaendelea kwamba ameshamkatalia Bwana Pruitt yule msichana. Badala yake ataimba peke yake. Sauti ya kwanza.

Nikacheka. Sikukusudia. Kucheka bila sauti ni kubaya kuliko kucheka kwa sauti, kwa sababu mtu anaona uso tu. Oma aliuona. Alikunja kitambaa chake mezani vizuri, kona kwa kona, akasema safari ni ndefu, akaondoka kabla hata ya kahawa.

Hobert alisimama mlangoni akilitazama gari likishuka bondeni. "Hilo," akaniambia, "ulikuwa humhitaji daktari kukukataza."

Jumatatu, 24 Juni

Redio saa kumi na mbili asubuhi. Oma peke yake. Alianza kwa kutetemeka, alisahau ubeti, gitaa likamtangulia. Nilimhurumia. Pia nilifurahi kidogo, na kwa kuwa hakuna atakayesoma hapa naliandika lilivyo.

Jumatano, 26 Juni

Mvua.

Alhamisi, 27 Juni

Mvua. Oma leo hakutetemeka.

Jumatatu, 1 Julai

Mvua. Kijito kimefurika mpaka kwenye mistari ya chini ya tumbaku. Hobert hana hadithi leo.

Ijumaa, 5 Julai

Jua, hatimaye. Hobert alitembea shamba lote akigeuza majani kutafuta ukungu. Alirudi, akavua buti, akaanza kunieleza jinsi Orbie alivyomtafsiria mkewe ndoto. Basi tumbaku iko salama.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi nilikuwa jikoni natoa nyuzi kwenye maharage mabichi, Mama Cleo anakoroga uji wa unga na mafuta ya nyama, redio iko juu ya kabati. Oma akaanza "Kikombe Chako Kimebaki Dirishani."

Mimi wimbo huo huwa naushambulia. Nauimba kama mwanamke anayetaka majirani wasikie jinsi alivyoachwa. Oma aliuimba taratibu, kama mtu aliye peke yake anayeosha vyombo, na kila akikifikia kile kikombe anakiruka, anaosha kingine. Alipofika kule juu hakukaa kama ninavyokaa. Aligusa tu, akashuka. Nilijikuta nimeshika harage moja muda mrefu.

Mama Cleo naye aliacha kukoroga. Akanigeukia, macho yana maji, akanishika bega. "Mwanangu," akasema, "hiyo rekodi yako ndiyo nzuri kuliko zote. Siku hizo ulikuwa na sauti."

Sikuandika kitu kwenye kibao. Hata hivyo asingesoma.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekaa nikihesabu nyimbo zetu zote kichwani, nikajaribu kukumbuka sauti ya pili ya hata mmoja. Sikuweza. Miaka yote hiyo ilikuwa inaimbwa sikioni mwangu.

Jumanne, 23 Julai

Tumbaku imetoa maua, tunayavunja ili nguvu iende kwenye majani. Mikono ni utomvu mtupu, mweusi, unanata. Ukishika chapati ya mahindi inabaki mkononi.

Leo Hobert, akiwa mstari wa pili kutoka wangu, alinisimulia jinsi tulivyokutana. Mimi nilidhani naijua hadithi hii, huwa naisimulia mwenyewe jukwaani: kijana wa shamba alikuja shuleni usiku wa tamasha, akasikia sauti yangu, akapigwa na radi. Watu hupiga makofi hapo.

Hobert anasema alikuja kumrudishia mwalimu msumeno. Alinikuta nyuma ya jengo nikigombana na mwenye jenereta, ambaye alikuwa mrefu mara mbili yangu, na jenereta ikawaka. Ndipo akaamua kukaa. Nikamwandikia: NA SAUTI YANGU?

Alisoma, akajikuna shingo, akaacha utomvu pale. "Verda," akasema, "mimi nyimbo zote naona ni moja. Nyingine ndefu, nyingine fupi. Nikiona watu wamesimama ndipo najua ni ule wa kikombe."

Miaka kumi na moja mtu huyu amekaa kiti cha mbele kila anapoweza, kofia magotini, akinitazama. Nilidhani anasikiliza. Alikuwa ananitazama tu.

Nilirudi kwenye mstari wangu nikaendelea kuvunja maua, na sikuona vizuri kwa muda.

Jumapili, 4 Agosti

Oma amerudi. Hakuja kwa sababu yangu, alisema, alikuja kwa maharage ya Mama Cleo. Nilikuwa nimeshaandika kibao kabla hajashuka kwenye gari: NISAMEHE. UNAIMBA VIZURI KULIKO NILIVYOJUA. Alikisoma akiwa bado ameshika usukani. Akasema maneno ni mengi kwa kibao kidogo vile, akashuka.

Tulikaa barazani kumenya maharage. Anasema barua za wasikilizaji zimekuwa nyingi na Bwana Pruitt sasa anajifanya wazo lilikuwa lake. Kuna watu wa rekodi wanaotaka "Dada wa Fugate" mwezi wa Oktoba, nyimbo za injili tupu, na amewaambia wasubiri koo langu.

Nikamwandikia: NANI ALIKUFUNDISHA KUIMBA TARATIBU HIVYO?

"Mama," akasema. "Akiwa anafua. Wewe ulikuwa hapohapo, ila ulikuwa unaimba."

Jumanne, 13 Agosti

Joto. Nyigu wamemuuma Orbie sehemu asiyotaka kuitaja, na Hobert ameitaja.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumeanza kukata tumbaku. Shina moja moja, unalitunga kwenye fito, mashina sita kwa fito, unaliacha linyauke. Safari ya daktari ni wiki ijayo. Naamka nikimeza mate kuona kama kunauma. Hakuumi. Naanza kuthubutu kuwaza Oktoba.

Alhamisi, 22 Agosti

Niandike ilivyokuwa.

Leo tulikuwa tunaingiza tumbaku ghalani. Ghala letu lina madaraja manne ya boriti, na tumbaku hujazwa kuanzia juu. Hobert alikuwa juu kabisa chini ya bati, mguu mmoja boriti hii na mwingine ile. Orbie alikuwa chini yake kwenye daraja la pili, anapokea fito na kumpandishia. Mimi nilikuwa juu ya gari la nyumbu nawapa. Kazi ilikwenda vizuri. Hobert alikuwa anasimulia habari za yule mjomba wa jeneza, na Orbie, ambaye ameisikia, alikuwa anacheka kabla ya sehemu za kucheka.

Nilipoinua macho kumpa Orbie fito, nikaona boriti iliyo nyuma ya Hobert imetoka pale inapokalia. Ilikuwa imeshikiliwa na ncha tu, upana wa kidole. Na Hobert alikuwa anarudi nyuma, daraja lile la juu limejaa, anatafuta boriti hiyohiyo kwa kisigino bila kutazama, kama alivyofanya tangu akiwa kijana.

Nikaligonga gari kwa fito. Orbie akasema, "Shemeji leo ana haraka." Nikagonga tena, nikanyoosha mkono. Hobert akacheka kutoka juu, akasema nimechoka na hadithi yake. Kibao kilikuwa jikoni. Kisigino chake kikainuka.

Nilijua kabisa nifanyalo. Sitaki mtu aje aseme nilijisahau. Nilimkumbuka daktari na kioo chake cha kutazamia koo, nikaikumbuka Oktoba, yote yakapita wazi kabisa, na sikuona uzito wa lolote.

Nikapiga ukelele: "Hobert, simama!"

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa kitu cha kukwaruza, kipana, kama lango la zizi linaloburutwa juu ya mawe. Kate alirusha miguu. Hobert akaganda, kisigino hewani. Boriti ikateleza yenyewe, taratibu kwanza, kisha ikaja chini pamoja na fito zote zilizokuwa juu yake, ikapita karibu na bega la Orbie na kuvunja ubao wa gari hatua moja tu kutoka niliposimama. Vumbi likajaa. Kuku wakapiga kelele kwa ajili yetu sote.

Hobert alishuka boriti kwa boriti, akizishika kama anazijaribu. Alikaa kwenye nyasi nje ya ghala. Orbie alikaa pembeni yake, akavua kofia, akaivaa, akaivua. Mimi nilisimama nimeshika shingo yangu. Mdomoni kulikuwa na ladha ya chuma.

"Huo," Hobert akasema, "ndio wimbo wako wa kwanza nilioutambua."

Kisha akaniona uso, akaelewa nimetoa nini, akanyanyuka akanishika kichwa kwa mikono yake yenye utomvu, nywele zikanata zote.

Mama Cleo alikuja mbio kutoka nyumbani na mwiko mkononi, akiuliza ni nani aliyemkanyaga nyumbu.

Ijumaa, 23 Agosti

Koo linawaka. Nakunywa maziwa ya mgando.

Jumamosi, 24 Agosti

Hobert ametia misumari kwenye kila boriti ya ghala. Hajasimulia lolote leo.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda kanisani. Niliwasikia kutoka ng'ambo ya kijito. Nilijaribu kuomba, nikaona ninachotaka kusema kwanza ni asante, na ombi la koo langu likakosa mahali pa kuingia.

Alhamisi, 29 Agosti

Lexington. Daktari aliingiza kioo chake, akatazama, akaniambia niseme "aaa." Niliogopa kama mtoto mbele ya mbwa. Nikasema. Ilitoka sauti ya chini, nzito kidogo, lakini imenyooka. Nilitazama nyuma yangu kuona ni nani.

Anasema ule ukelele ulivimbisha tu, haukuchana. Vijinundu vimepona. Lakini nyuzi zenyewe zimekuwa nene kwa miaka ya kuzitesa, na kule juu nilikokuwa nakaa haamini kama nitafika tena, hata kama nisingepiga kelele.

"Utaimba, Bi Maggard," akasema, safari hii akinitazama mimi. "Ila si pale ulipozoea."

Nililia garini. Si kwa kelele, sijui tena kelele zangu zikoje. Hobert akaanza kuongea. Aliongea habari za nyanya, za aina tatu za nyanya, za mtu wa mji wa Hazard aliyepanda nyanya kwenye gari bovu na sasa hawezi kuliuza kwa sababu ya mavuno. Tulipita mji mmoja, wa pili, akafika kwenye mbolea.

"Hobert," nikasema, "nyamaza kidogo."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza ya halali tangu Mei. Alifurahi hadi akatutia mtaroni. Tulitolewa na mzee mwenye trekta, nami nikamshukuru mzee huyo kwa mdomo wangu mwenyewe, mara tatu, akaniona sina akili timamu.

Jumanne, 3 Septemba

Nimejaribu "Kikombe" nikiwa kwenye kibanda cha nyama ya moshi, ambako hakuna wa kusikia ila mapaja ya nguruwe. Ubeti unakwenda. Kiitikio napanda, napanda, halafu hewa tupu. Nimejaribu hadi nikaacha. Chini, hata hivyo, kuna nafasi kubwa ambayo sikuwahi kuingia. Kama chumba cha nyumba yako mwenyewe ambacho siku zote ulikipita tu kwenda kwingine.

Alhamisi, 5 Septemba

Mama Cleo ananiuliza mbona siku hizi naongea sana.

Jumapili, 8 Septemba

Leo ilikuwa ile siku ya kila mwaka ambapo waliohama bondeni hurudi kusali na kula kanisani kwetu. Magari yalijaa mpaka darajani, waliohamia viwandani Dayton, waliohamia Detroit, watoto wao wanaoongea haraka. Meza ndefu zilipangwa nje chini ya kivuli, kuku wa kukaanga, maharage ya kukaushwa, mahindi, keki. Mhubiri Sizemore, kaka yake Orbie, alihubiri kwa ufupi kwa sababu harufu ilikuwa inamshinda hata yeye. Kisha akaita Dada wa Fugate.

Tulisimama mbele, mimi na gitaa, Oma upande wangu wa kushoto kama siku zote. Hatukuwa tumepanga mengi. Alifika asubuhi na nilimwambia tu kwamba nitaimba. Tulichagua "Mlango wa Bonde," ambao tuliuimba kwenye mazishi ya baba.

Oma akanong'ona nianzie chini, sehemu ambayo hatujawahi kuianzia, chini sana. Nilielewa. Alikuwa amekaa njia nzima kutoka Knoxville akitafuta mahali ambapo bado ningeweza kushika sauti ya kwanza. Yeye, kwa sauti ya pili iliyo chini zaidi, angekwaruza mchanga, lakini angefanya hivyo, na asingesema. Kanisa lote lilikuwa linanitazama mimi. Lilikuwa limekuja kuona kama Verda bado anaweza, na pale chini alipochagua Oma, ningeweza.

Nikapiga nyuzi mara moja pale aliposema. Nikazisimamisha kwa kiganja.

"Hapana," nikasema. "Juu."

Nikasogeza mkono kwenye shingo ya gitaa mpaka mahali petu pa zamani, kisha nikapita hapo pia.

"Dada, hutafika huko," Oma akasema, midomo haijatikisika.

"Najua," nikasema. "Anza."

Alinitazama. Watu walikuwa kimya, mtoto mmoja alikuwa anaangusha kitu na kukiokota. Sikupiga gitaa tena mpaka alipovuta pumzi.

Akaanza. Taratibu, kama anafua. Nami nikaingia chini yake, mapema mno, kwa kuwa sauti ya pili husubiri na mimi sijawahi kusubiri mtu. Nilikosea wazi kabisa mbele ya majimbo matatu. Mtu akacheka, nadhani ni Orbie, nikacheka na mimi, na Oma akarudia mstari bila kukatika kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Safari ya pili nilisubiri. Alipofika kwenye kiitikio akapanda, na huko juu hakugusa na kushuka kama redioni. Alikaa. Nilikuwa nimemshikia mlango kutoka chini, nikaisikia sauti yake ikipita mifupani mwangu mpaka kwenye mbao za sakafu, na sikutamani hata kidogo kuwa huko iliko.

Walisimama. Nikamtafuta Hobert kiti cha mbele. Alikuwa amegeuka kuwatazama watu nyuma yake, akaona wamesimama, naye akasimama.

Baada ya chakula nilimsindikiza Oma garini. Oktoba tutakwenda kurekodi, yeye juu, mimi chini, na Bwana Pruitt atasema lilikuwa wazo lake. Alikuwa ameshawasha gari alipouliza, bila kunitazama, akijifanya anarekebisha kioo.

"Kule chini," akasema, "ulisikia nini?"

"Nilikusikia wewe," nikamwambia.

Akaondoa mkono kwenye kioo. Kisha akazima gari, akashuka, tukarudi kula keki.